Jani Lisiloliwa Si Lazima Liwe na Sumu: Mwongozo Kamili wa Kupima Kinga za Kikemikali za Mimea Dhidi ya Viwavi

Kiwavi akikataa jani, wengi husema jani lina sumu. Akilila, husema halina. Kauli zote mbili huweza kuwa si kweli. Yako majani ambayo kiwavi hayagusi, lakini kilichomo ndani yake kikimfikia tumboni hakimdhuru kwa kiasi cha kutisha. Yako mengine anayoyala bila wasiwasi, kisha siku ya kujivua ngozi anakwama nusu ndani nusu nje na kufa.

Kinga ya kikemikali inaweza kumkamata mdudu mahali patatu: kabla hajauma, anapouma, na baada ya kumeza. Kazi yote inayoelezwa hapa ni ya kutenganisha mahali hapo patatu. Anayepima tu kiasi cha jani kilicholiwa amepima kitu kimoja kati ya vitatu, na hajui ni kipi. Mwongozo unamfaa mwanafunzi mwenye mradi wa biolojia, mwalimu mwenye maabara ndogo, na yeyote anayetaka kujua kama mmea fulani kweli huzuia viwavi au unasifiwa bure.

Jua kwanza unachokipima

Familia ya kabichi na haradali ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Seli zake huhifadhi kemikali ziitwazo glukosinolati upande mmoja, na kimeng'enya kiitwacho mirosinasi upande mwingine. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Kiwavi akitafuna, kuta zinavunjika, vinachanganyika, na papo hapo yanazalishwa mafuta makali ya haradali, yale yanayopanda puani. Kwa kiwavi anayekula mimea ya kila aina, ukali huo ni sababu tosha ya kuondoka. Kwa kiwavi aliyezoea familia hiyo, ni ishara kwamba amefika. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Eduard Verschaffelt, alipaka utomvu wa mmea wa familia hii kwenye majani ambayo viwavi wa vipepeo weupe wa kabichi (*Pieris*) kwa kawaida hawayali, na viwavi wakaanza kuyala. Kemikali ileile ni kizuizi kwa mmoja na kichocheo cha hamu kwa mwingine.

Viwavi waliozoea familia moja ya mimea, tuwaite wataalamu, wana mbinu zao. Kiwavi wa nondo wa kabichi, *Plutella xylostella*, ana kimeng'enya tumboni kinachong'oa kipande cha salfeti kwenye glukosinolati kabla mirosinasi haijaifikia. Basi bomu linakosa fataki. Kiwavi wa *Pieris rapae* hutumia njia nyingine: ana protini inayogeuza mkondo wa mmenyuko, yakatoka nitrili badala ya mafuta ya haradali, na nitrili hazina makali kama yale. Ukipima kinga ya kabichi kwa kutumia mmoja wa viwavi hawa peke yake, utaandika kwamba kabichi haina kinga, na utakuwa umeelezea tumbo la mdudu badala ya jani.

Tanini, kemikali za kukausha mdomo kama zile za chai kali, zina hadithi ndefu zaidi. Mwaka 1970 Paul Feeny alichapisha kazi yake juu ya miti ya mwaloni karibu na Oxford, Uingereza. Viwavi wa nondo wa majira ya baridi, *Operophtera brumata*, hula majani machanga ya mwanzo wa masika, na kadiri msimu unavyosonga majani hukomaa, hukakamaa na tanini zake huongezeka. Maelezo ya wakati ule yalikuwa kwamba tanini hushikamana na protini na kuzifanya zisimeng'enyeke. Baadaye picha ikawa tata. Utumbo wa kati wa viwavi wengi una hali ya alkali, pH ya juu ya 8 na kwa baadhi hata zaidi ya 10, na katika hali hiyo tanini nyingi hazishikamani na protini kwa urahisi. Madhara yake, yakiwapo, mara nyingi hutokana na kuoksidika kwake ndani ya utumbo. Kwa hiyo mtu akikuandikia kwamba "tanini zilizuia mmeng'enyo" bila kukuonyesha kipimo cha mmeng'enyo, usimkubalie haraka.

Nyingine nizitaje kwa kifupi. Nikotini ya tumbaku hushambulia mishipa ya fahamu, ila kiwavi wa *Manduca sexta* huivumilia na kuitoa mwilini upesi. Mimea ya jenasi *Asclepias*, yenye utomvu mweupe, ina kemikali zinazoziba pampu ya sodiamu ya seli, na kipepeo *Danaus plexippus* ana pampu iliyobadilika kiasi kwamba haizibiki kirahisi. Mahindi machanga yana kemikali ya kinga iitwayo DIMBOA, ambayo kiwavijeshi vamizi, *Spodoptera frugiperda*, huifunga upya kwa sukari na kuipokonya makali. Mnyanya ukijeruhiwa hutengeneza protini zinazozuia vimeng'enya vya tumbo la mdudu. Mwarobaini una azadirakitini, ambayo hukatisha hamu ya kula na pia huvuruga homoni za kujivua ngozi.

Hatua ya 1: Andika swali moja, kisha chagua viwavi wawili

Swali liwe jembamba. "Je, dondoo la jani hili, yaani kemikali zilizovutwa kutoka ndani yake, linamzuia kiwavi kuuma?" ni swali zuri. "Je, mmea huu una kinga?" haliwezi kujibiwa kwa jaribio moja.

Ukiweza, tumia aina mbili za viwavi: mla-vingi, kama viwavi wa jenasi *Spodoptera* au *Helicoverpa*, na mtaalamu wa familia ya mmea unaouchunguza. Tofauti kati yao mara nyingi inafundisha kuliko tofauti kati ya mimea. Kama huna nafasi ya kuwatunza wote wawili, chukua mla-vingi, kwa sababu huyo ndiye atakayekuonyesha kinga kabla haijavunjwa na mbinu za kurithi. Mtaalamu mwachie mtu mwenye swali la pili.

Wapate kutoka kundi moja la mayai. Wakue pamoja, kwenye joto lisiloyumba, nyuzi 25 za selsiasi zikitosha, na mwanga wa saa zilezile kila siku. Watumie wakiwa wameshajivua ngozi mara mbili, yaani hatua ya tatu ya ukuaji. Wadogo zaidi hufa kwa kushikwa tu. Wakubwa wa hatua ya mwisho hula vitu ambavyo wadogo zao wangevikataa, tena hula kwa kasi inayokunyima nafasi ya kupima. Kiwavi aliye karibu kujivua ngozi utamtambua kwa kichwa kinachoonekana kidogo kuliko shingo iliyovimba nyuma yake. Huyo mweke kando, maana hatakula hata umpe chakula akipendacho, na utamhesabu kama aliyekataa.

Chakula cha malezi ni jambo ambalo wengi hulipuuza. Viwavi hujifunza. *Manduca sexta* aliyelelewa kwenye majani ya familia ya mnyanya na kiazi huzoea kemikali iitwayo indiosidi D, kiasi kwamba baadaye hukataa majani mengine yasiyokuwa nayo, wakati ndugu yake aliyelelewa kwenye chakula cha kutengeneza hula mimea mingi bila taabu. Kwa hiyo walee kwenye chakula ambacho hakitakuwamo katika jaribio, chakula cha kutengeneza chenye agari kikiwa bora, na wote kile kile. Ukichanganya waliolelewa huku na kule, utapima malezi.

Hatua ya 2: Majani

Jani la juu na jani la chini la mmea mmoja ni vyakula viwili tofauti. Majani machanga kwa kawaida yana protini nyingi na pia kemikali kali kwa wingi zaidi, hasa alkaloidi (kundi la kemikali kama nikotini) na glukosinolati. Yaliyozeeka ni magumu, yana nitrojeni kidogo, na kiwavi anaweza kuyala kwa wingi zaidi ili tu kufidia upungufu huo. Hapo ndipo mtu huandika kwamba jani zee "linapendwa". Halipendwi. Kiwavi ana njaa ya protini.

Chagua jani la nafasi moja kwenye kila mmea, kwa mfano la tatu kutoka juu lililokwisha kukunjuka. Andika umri wa mmea, mwanga uliopata na mbolea uliyoweka. Mimea iliyokwisha kuumwa na wadudu usiichanganye na mizima, kwa sababu itakayoelezwa katika Hatua ya 7.

Kata vipande vya mviringo kwa kitobozi chenye makali. Kipenyo cha sentimita 2 kinafaa, kikikupa eneo la sm² 3.14 kwa kipande. Epuka mshipa mkuu. Kumbuka pia kwamba kukata ni kujeruhi. Kwenye mimea yenye utomvu mweupe, kipande kilichokatwa kimemwaga sehemu kubwa ya kinga yake kabla kiwavi hajafika. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2004 kwamba majani ya mpapai huua viwavi wa aina kadhaa, lakini yakikatwa vipande vyembamba na kuoshwa utomvu, viwavi haohao huyala na kukua. Kinachoua ni vimeng'enya vya papaini vilivyomo kwenye utomvu. Kwa mimea ya namna hiyo tumia jani zima lililo bado kwenye shina, umfungie kiwavi ndani ya mfuko wa chandarua.

Viwavi wenyewe wanalijua hilo. Mwangalie mtaalamu wa *Asclepias* kwa lenzi: kabla ya kula, hutambaa hadi kwenye mshipa mkuu, anautafuna kwa subira mpaka utomvu unachuruzika, anapangusa mdomo kwenye jani, halafu anakwenda kula upande wa mbele ya pale alipokata, ambako utomvu haufiki tena.

Hatua ya 3: Dondoo, kama unataka kutenganisha kemikali na ugumu wa jani

Jani linaweza kukataliwa kwa sababu ya vinyweleo, nta au ukakamavu tu. Njia ya kujua ni kuhamisha kemikali kwenye jani lisilo na tatizo. Chukua mmea ambao kiwavi wako anaula vizuri, upake dondoo la mmea unaouchunguza, uone kitakachotokea. Ukikuta kizuizi kimehama pamoja na dondoo, ni kemikali. Kisipohama, ama ni umbo la jani, ama kimumunyisho chako, yaani kioevu cha kuyeyushia, hakikuivuta kemikali husika.

Utaratibu wa kawaida ni huu: kausha majani kivulini au kwenye oveni ya joto la chini, yasage, loweka gramu 10 za unga katika mililita 100 za ethanoli kwa saa 24 ukitikisa mara kwa mara, kisha chuja. Acha ethanoli ivukie mahali penye hewa na mbali kabisa na moto. Pima uzito wa kilichobaki, kisha kiyeyushe upya kwa vipimo vinavyojulikana. Tengeneza angalau vipimo vinne vinavyopungua, kila kimoja nusu au robo ya kilichotangulia. Kipimo kimoja hakisemi kitu, kwa sababu karibu kila kitu kikiwa kingi mno humchukiza kiwavi.

Hapa pana mtego. Ukisaga majani *mabichi* ya kabichi au ya muhogo kwenye maji, umefanya kazi ya meno ya kiwavi: vimeng'enya vimekutana na kemikali zake, na ulicho nacho kwenye chupa si tena kile kilichokuwa ndani ya jani zima. Kwenye muhogo hutoka sianidi, ambayo huvukia. Ukitaka kemikali za asili zibaki kama zilivyo, tumbukiza majani moja kwa moja kwenye methanoli ya asilimia 70 iliyopashwa moto kwenye maji ya moto, ili kimeng'enya kife kabla ya kufanya kazi. Fanya hivyo chini ya dohani ya maabara, maana mvuke wa methanoli una sumu. Kama huna dohani, acha.

Paka kiasi sawa kwa kila kipande, tuseme maikrolita 20 kila upande, uitandaze kwa ncha ya kioo, na uache ikauke dakika 30. Vipande linganishi vipakwe kimumunyisho kitupu kwa kiasi kilekile na vikaushwe kwa muda uleule. Kipande kisichopakwa kitu hakiwezi kuwa mlinganisho, kwa sababu ethanoli yenyewe hubadili uso wa jani. Andika kipimo kwa maikrogramu kwa kila sm², siyo "dondoo la asilimia 5", ambalo msomaji mwingine hawezi kulirudia.

Vaa glavu. Nikotini hupenya ngozi, utomvu wa mpapai huwasha, na mimea mingi ya porini ina vitu ambavyo mkono wako haukuomba kukutana navyo.

Hatua ya 4: Kaa uangalie, kabla ya kupima chochote

Dakika kumi na tano za kumtazama kiwavi mmoja kwa lenzi huweza kukuambia zaidi ya jedwali zima. Mshindishe njaa saa mbili hadi nne, umweke katikati ya kisahani, uanze saa.

Kiwavi hukaribia jani huku kichwa kikiyumba kushoto na kulia. Akifika, hugusagusa uso wa jani kwa vijipapasio vifupi vilivyo chini ya mdomo. Humo mna seli za ladha, nyingine zikijibu sukari, nyingine zikijibu vitu vichungu. Akigeuka hapo hapo bila kuuma, kilichomfukuza ni harufu au kitu kilicho juu ya jani. Akiuma mara moja au mbili, akasita, akatikisa kichwa au kutema kimiminika cha kijani na kuondoka, tatizo ni ladha ya ndani. Akila mlo mzima kama kawaida, kisha milo inayofuata ikawa mifupi na mapumziko yakawa marefu, hapo shaka inahamia tumboni.

Andika saa ya mguso wa kwanza, ya kuuma kwa kwanza, na urefu wa mlo wa kwanza. Fanya hivyo kwa viwavi wasiopungua kumi kwa kila upande.

Hatua ya 5: Jaribio la kuchagua, na jaribio la kulazimika

Kwa jaribio la kuchagua, tandika karatasi ya chujio yenye unyevu kwenye kisahani cha petri, panga vipande vinne kwa kupishana, viwili vilivyopakwa dondoo na viwili linganishi, kisha weka kiwavi mmoja katikati. Kiwavi mmoja, kisahani kimoja. Wakiwa wengi huvutana, husukumana, na wengine hulana. Zungusha visahani ili visitazame taa upande mmoja.

Kosa kubwa kuliko yote katika jaribio hili ni kuliacha hadi kesho. Kiwavi mwenye njaa akimaliza vipande vizuri atakula na vibaya, na asubuhi utakuta vyote vimeisha, tofauti sifuri. Simamisha kila kisahani pale ambapo karibu nusu ya vipande linganishi imeliwa, hata kama visahani vingine bado vinaendelea.

Pima eneo lililoliwa kwa kupiga picha vipande juu ya karatasi yenye kipimo cha rula, kisha tumia programu ya ImageJ, ambayo ni ya bure. Karatasi ya grafu nayo inatosha ukiwa na subira. Weka visahani vichache bila viwavi kabisa, ili ujue vipande husinyaa kiasi gani vyenyewe, uondoe kiasi hicho kwenye hesabu.

Kielelezo cha kizuizi huhesabiwa hivi: eneo lililoliwa la vipande linganishi toa eneo lililoliwa la vilivyopakwa, gawanya kwa jumla ya yote mawili, zidisha kwa 100. Kama kiwavi alikula sm² 1.6 za linganishi na sm² 0.4 za vilivyopakwa, ni 1.2 gawanya kwa 2.0, yaani asilimia 60. Matokeo hasi maana yake dondoo linavutia, na kwa mtaalamu wa familia hiyo ya mmea usishangae ukiyapata.

Jaribio la kulazimika hutumia vipande vya aina moja tu kwa kila kisahani: viwavi hawa wapewe vilivyopakwa, wale wapewe linganishi. Kielelezo chake hugawanywa kwa kiasi cha linganishi peke yake. Fanya majaribio yote mawili. Kemikali inayozuia sana pale penye uchaguzi lakini haizuii pasipo na uchaguzi ni ya kuudhi tu, na shambani, ambako mmea uleule umetanda kila upande, kiwavi ataila.

Hatua ya 6: Mizani ndiyo inayotenganisha kukataa na kudhurika

Hapa ndipo ninapopapa uzito kuliko kwingine. Gilbert Waldbauer alipanga vipimo hivi mwaka 1968 na hadi leo ndivyo vinavyotumika. Unahitaji namba tatu kwa kila kiwavi, zote kwa uzito mkavu: alichokula, alivyoongezeka, na kinyesi alichotoa.

Uzito mkavu wa mwanzo huwezi kuupima moja kwa moja, kwa kuwa ukikausha kiwavi umemuua. Chukua ndugu zake kadhaa wa ukubwa uleule, wapime wabichi, wagandishe, wakaushe kwa nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike, upate uwiano. Kwa jani, lipasue kwa mshipa mkuu: nusu moja mpe kiwavi, nusu ya pili ikaushe kukadiria kile ulichompa. Mwache ale siku mbili au tatu, kisha kausha mabaki, kinyesi na kiwavi mwenyewe.

Chukua mfano wa namba za kufundishia. Kiwavi linganishi alikuwa na miligramu 20, akafika 50, akala 120 na kutoa kinyesi cha 60. Ufanisi wa kugeuza chakula kuwa mwili ni 30 kwa 120, asilimia 25. Umeng'enyaji ni 60 kwa 120, asilimia 50. Ufanisi wa kugeuza kile kilichomeng'enywa ni 30 kwa 60, asilimia 50. Ndugu yake aliyepewa jani lenye dondoo alikula 110, akatoa kinyesi cha 62, lakini akaongezeka 11 tu. Umeng'enyaji wake ni 48 kwa 110, kama asilimia 44, si mbali na wa kwanza. Ila ufanisi wa kugeuza kilichomeng'enywa umeanguka hadi 11 kwa 48, asilimia 23.

Kiwavi huyu wa pili hakukataa kula. Amekula karibu sawa na mwenzake na amemeng'enya karibu sawa. Kilichopotea kimepotea baada ya chakula kuingia mwilini: sumu inamdhoofisha, au nguvu zinatumika kuivunja. Kama ungepima eneo la jani peke yake, ungeandika kwamba dondoo halifanyi kitu. Na kama umeng'enyaji ndio ungekuwa umeanguka, ungeelekeza macho kwenye vizuizi vya vimeng'enya, tanini au nyuzinyuzi za jani.

Pana tahadhari moja. Kiwavi anayekula kidogo hutumia sehemu kubwa ya chakula hicho kuishi tu, hivyo ufanisi wake hushuka hata bila sumu yoyote. Ili usidanganyike, weka kundi la tatu: wape jani safi, lakini kwa kiasi kidogo, kilekile walichokula wale wa dondoo. Ukuaji wao ukilingana, njaa ndiyo sababu. Wa dondoo wakikua kidogo zaidi, hiyo ni sumu. Kundi hili la tatu hurukwa na wengi kwa sababu lina kazi, na bila hilo hitimisho huning'inia hewani.

Kinyesi cha wadudu huchanganyika na mkojo wao, kwa hiyo kipimo cha umeng'enyaji ni cha kukadiria. Tofauti ndogo usizijengee nyumba.

Hatua ya 7: Kinga zinazoamka baada ya kujeruhiwa

Mwaka 1972 T. R. Green na Clarence Ryan walionyesha kwamba jani moja la kiazi au la mnyanya likijeruhiwa na mbawakawa, vizuizi vya vimeng'enya vya protini hujikusanya hata kwenye majani ambayo hayakuguswa. Mmea haukai tu ukingoja kuliwa.

Kulipima hilo, gawa mimea iliyo sawa katika makundi matatu: isiyoguswa, iliyotobolewa kwa mkasi au gurudumu la meno, na iliyotobolewa kisha jeraha likapakwa mate ya kiwavi. Mate yana ujumbe wake. Mwaka 1997 ilitambuliwa kwenye mate ya *Spodoptera exigua* kemikali iitwayo volisitini, ambayo huufanya mmea wa mahindi utoe harufu zinazowaita nyigu wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Subiri saa 24 hadi 48, chukua majani *yasiyojeruhiwa* kutoka kila kundi, urudie Hatua za 5 na 6. Weka makundi mbalimbali, hata vyumba tofauti ukiweza, kwa sababu harufu ya mmea uliojeruhiwa huweza kuwaamsha majirani, na mlinganisho wako ukawa umeshaharibika.

Hatua ya 8: Hesabu na taa

Viwavi 20 kwa kila kipimo ni mwanzo mzuri. Anayehesabiwa ni kiwavi, si kipande: vipande vinne vya kisahani kimoja ni jibu moja. Kwa jaribio la kuchagua, data zimeoana, tumia jaribio la kitakwimu la Wilcoxon la jozi. Kwa ukuaji, ingiza uzito wa mwanzo katika uchambuzi badala ya kulinganisha wastani tupu. Waliokufa waripoti, usiwafute.

Na taa. Mimea ya familia ya karoti ina furanokumarini, ambazo sumu yake hukua sana zikipata mwanga wa urujuanimno. Chini ya taa za kawaida za ndani, zisizotoa mwanga huo, utaziona ni pole. Pengine ndiyo maana viwavi kadhaa wa mimea hiyo hukunja majani na kula wakiwa kivulini mwake.

Hatua ya 9: Wafuate hadi wawe pupa

Jaribio la siku mbili haliwezi kuona kinachotokea siku ya kujivua ngozi. Azadirakitini ndiyo mfano dhahiri: anayeishi baada ya kula kiasi kidogo huonekana mzima, kisha hushindwa kutoka kwenye ngozi ya zamani, au huwa pupa mwenye kilema. Walee viwavi wa kila kundi hadi mwisho, andika siku walizochukua, uzito wa pupa na idadi ya nondo waliotoka wakiwa na mabawa kamili.

Rudia pia jaribio la kuchagua na viwavi walewale baada ya siku chache. Viwavi wa *Spodoptera litura* wakionjeshwa azadirakitini safi mara kwa mara huizoea na kuanza kuila, lakini dondoo zima la mwarobaini lenye azadirakitini kiasi hicho hicho hawalizoei. Mchanganyiko una nguvu ambayo kemikali moja haina, na ni sababu nzuri ya kupima vyote viwili, kilichosafishwa na dondoo ghafi, kabla ya kuamua kipi kifanyiwe kazi zaidi.

Ukimaliza, wagandishe viwavi, pupa na majani yote kwa saa 48 kabla ya kutupa. Usiwaachie nje hata mmoja, hasa kama walitoka kwenye kundi la maabara, na dondoo lililobaki lisimwagwe kwenye mfereji: liache likauke, ulifunge na taka za kemikali.